Dramu Nyumbani Gungu: Uchache wa Maikrofoni na Uamuzi wa Sikio

Msomaji wa visiwani akilisikia neno gungu, fikra zake humpeleka kwenye ngoma ya kale ya arusi, ile iliyochezwa kwa madaha na kuimbiwa tumbuizo ambazo mapokeo huzihusisha na Fumo Liongo. Gungu ya makala haya ni nyingine. Ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, huko Reli ya Kati inakoishia na Ziwa Tanganyika linakoanzia. Kufanana kwa majina si hoja ya kihistoria, lakini kunakumbusha jambo lenye uzito. Maneno ya nyimbo za gungu la pwani yalianza kuandikwa na wataalamu katika karne ya 19, na mpaka leo yanasomwa na kufasiriwa. Mapigo yaliyoyabeba maneno hayo hayakuandikwa. Mkono wa mpigaji ulipotulia, sauti yake nayo ilikwenda zake.

Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo haidumu. Walikusudia kuwaonya wenye majivuno, lakini methali hiyo ni kweli hata kwa maana yake ya wazi. Hapana sauti inayojaza nyumba kama ya ngoma, na hapana inayotoweka upesi kama hiyo. Kwa hiyo kunasa sauti ya ngoma ni kazi ya hifadhi kabla haijawa kazi ya burudani, na yastahili kuhakikiwa kwa uzito uleule unaopewa uhariri wa tenzi au ukusanyaji wa hadithi.

Swali linaloulizwa hapa ni jepesi kulitamka. Mtu wa Gungu aliye na seti ya dramu, chumba kimoja cha nyumbani, na maikrofoni mbili au tatu za kuazima, je, aweza kuacha kumbukumbu ya haki ya upigaji wake? Jibu la haraka, ambalo vijana wengi hulipokea bila kulijadili, ni kwamba hawezi: dramu yataka maikrofoni nane au kumi, chumba kilichojengwa kwa kazi hiyo, na fundi aliyesomea. Kwa sababu ya jibu hilo wapigaji wengi hawarekodiwi kabisa, na nafasi yao huchukuliwa na mapigo ya programu za kompyuta. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo limekosea mahali pa kuanzia. Uchache wa maikrofoni hauzuii rekodi njema. Unachofanya ni kumlazimisha mrekodi kuamua jambo ambalo mwenye maikrofoni nyingi huweza kuliahirisha, nalo ni mahali anaposimama msikilizaji.

Chombo chenyewe

Seti ya dramu ni chombo kipya kuliko watu wanavyodhani. Katika matarumbeta ya kijeshi ya karne ya 19, kazi yake ilifanywa na watu watatu: mmoja alibeba ngoma kuu, mwingine alipiga ngoma ndogo yenye nyaya chini ya ngozi yake, ambayo mafundi huiita sneya, na wa tatu aligonganisha matoazi. William F. Ludwig wa Chicago alipoanza kuuza kanyagio lake la ngoma kuu mwaka 1909, mguu wa mtu mmoja ulichukua kazi ya mtu mzima. Baadaye yakaongezwa matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu wa pili, yaitwayo haihati, na mpigaji akawa kikundi kizima ndani ya mwili mmoja.

Watu wa Afrika Mashariki walikwisha kuujua mpango wa zamani kabla ya huu mpya. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya mwambao kama Lamu na Mombasa, ilichukua ngoma za matarumbeta na kuzitia katika mashindano ya mitaa, kisha ikasafiri bara pamoja na askari, makarani na wafanyakazi wa reli. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Ujiji nao ulikuwa umefungamana na pwani tangu enzi za misafara, na Kiswahili kilikuwa lugha ya soko lake zamani kabla ya garimoshi. Kwa hiyo dramu inayopigwa Gungu leo, aghalabu katika kwaya za makanisa na katika bendi za sherehe, haikuangukia mahali pasipo na historia.

Zaidi ya hayo, ng'ambo ya mpaka, kwa Warundi ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiha, uko utaratibu wa ngoma unaofaa kufikiriwa na kila mrekodi. Ngoma za kifalme za Burundi, zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu, hupangwa nusu duara. Katikati husimama inkiranya, ngoma iongozayo. Amashakwe hushikilia pigo lisilokatika, na ibishikiso huitika na kuifuata inkiranya. Anayesimama mbele ya nusu duara hiyo husikia daraja za ngoma kama zilivyokusudiwa: mwongozo katikati, pigo la kudumu likiufunika kila upande. Akienda nyuma ya amashakwe, atasikia kelele tupu. Wapigaji wenyewe wamekwisha kumpangia msikilizaji mahali pake, na kazi ya maikrofoni ni kwenda kusimama hapo.

Waliotangulia na maikrofoni chache

Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alipita Tanganyika akirekodi mwaka 1950, na mwaka 1952 alinasa ngoma za baraza la Mwami wa Rwanda. Kumbukumbu zake zilikuwa msingi wa maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika aliyoiasisi mwaka 1954. Tracey aliizoea maikrofoni moja, aghalabu akiishika kwa mkono wake mwenyewe na kuisogeza kama mtu anayesogeza sikio. Mpigaji mkuu alipoingia, aliisogeza kwake. Kundi lilipoitika, aliirudisha nyuma. Hakuwa na njia ya kuja kurekebisha uwiano baadaye. Uamuzi wake wote ulifanyika papo hapo, mbele ya wapigaji, huku ngoma zikilia.

Isidhaniwe kwamba njia hiyo haikuwa na dosari. Santuri za wakati ule zilibeba kiasi cha dakika tatu kwa upande mmoja, na ngoma ambayo kwa desturi yaweza kukesha ilikatwa ipate kuenea. Msikilizaji wa leo anapewa kipande, wala hawezi kujua pigo lilikuwa limetoka wapi kabla ya kipande hicho. Lakini dosari hiyo ilitokana na muda wa santuri, haikutokana na idadi ya maikrofoni. Ndani ya dakika hizo, daraja za ngoma husikika. Nayo thamani yake haina mjadala: ufalme wa Rwanda uliondolewa mwaka 1961, na huko Uganda, ambako Tracey alirekodi pia, kasri la Kabaka lilishambuliwa mwaka 1966. Pale watu na ala walipotawanyika, maikrofoni moja iliyowahi kufika ilifaa kuliko kumi ambazo hazikufika.

Mfano wa pili ni wa nyumbani. Katika miaka ya 1960 na 1970, bendi za dansi za Tanzania, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, zilirekodi nyimbo zao nyingi katika studio ya redio ya taifa mjini Dar es Salaam. Bendi ilipiga yote kwa pamoja, waimbaji na magitaa na ngoma, pasipo nafasi ya kumrekodi kila mmoja peke yake na kumsawazisha baadaye. Ilimbidi mpigaji dramu ajipime mwenyewe. Akipiga kwa nguvu, sauti yake ingeingia katika maikrofoni ya mwimbaji na kuyameza maneno. Akipiga kwa woga, wacheza dansi wasingepata pa kukanyaga.

Rekodi hizo zimezoeleka kusifiwa kwa mapenzi ya ujana wa watu, na sifa za namna hiyo hazimsaidii mhakiki. Yafaa kusema waziwazi kilichopatikana na kilichopotea. Kilichopatikana ni uwiano wa mikono: haihati, manyanga na tumba vinasikika vikiongea na magitaa katika chumba kimoja, kila kimoja kikimwachia mwenzake pumzi. Kilichopotea, katika nyimbo nyingi, ni ngoma ya mguu. Imejificha nyuma ya gitaa la besi kama mtu anayezungumza nyuma ya mlango, na mara nyingine msikilizaji huikisia tu kwa jinsi gitaa linavyosita. Kijana wa leo akisema kwamba rekodi hizo hazina kishindo, hakosei. Akisema kwamba hazina dramu, hapo amekosea, kwani dramu imo, ila mguu mmoja wake umefunikwa.

Mfano wa tatu watoka mbali, nao unafaa kwa sababu ulitokea katika nyumba. Mwishoni mwa mwaka 1970, bendi ya Kiingereza ya Led Zeppelin ilikuwa katika jumba la Headley Grange, kusini mwa Uingereza, jumba lililojengwa mwaka 1795 kuwahifadhi maskini. Kwa ajili ya wimbo mmoja wa albamu yao iliyotoka mwaka 1971, dramu ya John Bonham iliwekwa chini kwenye ukumbi wa ngazi, na fundi wao Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili juu, kwenye ghorofa. Mbili tu, na hapakuwa na ya ngoma ya mguu. Sauti iliyopatikana imeigwa na kunakiliwa na wanamuziki wa dunia nzima tangu hapo. Siri yake ilikuwa mpigaji aliyejua kuzipima ngoma zake kwa mkono, na ngazi zilizoifanya sauti ipande na kujaa kabla haijazifikia maikrofoni. Nyumba yenyewe ilipiga pamoja naye.

Nyumba ya Gungu

Kutoka kwenye ngazi za jumba la Kiingereza hadi chumba cha Kigoma ni mbali, lakini swali ni lilelile: nyumba hii inasema nini? Nyumba ya kawaida ya sehemu hizo ni ya matofali, ya kuchoma au ya saruji, yenye paa la bati. Chumba ni kidogo, mara nyingi mita tatu kwa tatu na ushei, kuta zikitazamana sawasawa. Sauti ya sneya ikitoka hugonga ukuta huu na kurudi kwenye ule, ikirudi tena, hata ikawa kama mtu anayepiga makofi ndani ya pipa. Huo ndio mlio unaowafanya watu waseme kwamba nyumbani hapafai.

Tiba yake ya kwanza hainunuliwi. Godoro likisimamishwa nyuma ya mpigaji, mkeka na blanketi nzito zikitandikwa chini ya seti, na nguo zikiningʼinizwa kwenye ukuta mmoja kati ya miwili inayotazamana, mlio ule hupungua sana. Lakini lazima ukweli wake usemwe wote. Godoro humeza sauti za juu; haliwezi kuzuia zile za chini. Kati ya kuta mbili zilizoachana kwa mita tatu, sauti yenye mitetemo kama 58 kwa sekunde hukutana na yenyewe na kuvimba, na hapo ndipo penye sauti ya ngoma ya mguu. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa karibu mita sita, nalo halina habari na godoro la inchi sita. Dawa yake ni kuhama: seti isiwekwe katikati ya chumba wala kubanwa kwenye kona, bali isogezwe kidogokidogo mpaka ngoma ya mguu iwe na mwanzo na mwisho. Chumba cha mstatili ni bora kuliko cha mraba, kwa kuwa katika mraba kuta zote nne huvimbisha sauti ileile.

Paa la bati lina mashtaka mawili na utetezi mmoja. Shtaka la kwanza ni mvua, ambayo kuanzia Novemba hadi Aprili haimruhusu mtu kurekodi chochote isipokuwa mvua yenyewe. La pili ni kwamba bati huitikia ngoma kwa mlio wake wenyewe. Utetezi ni huu: mahali ambapo hapana dari, paa lililoinama halitazamani na sakafu, na sauti iendayo juu hairudi ilikotoka, bali hutawanyika. Chumba kilekile kikiwekewa dari tambarare hupata ukuta wa tano na sakafu ya pili. Kwa hiyo yule aonaye haya kwa kukosa dari huenda anakionea haya kitu kinachomsaidia.

Na nyumba haiko peke yake. Pale kuta za vyumba zisipofika kwenye bati, dramu ya chumba kimoja ni dramu ya vyumba vyote. Yuko mgonjwa, yuko mtoto aliyelala, pengine mtaani kuna msiba. Upo wakati wa adhana na wakati wa ibada ya Jumapili. Mrekodi asiyeijua ratiba ya mtaa wake atapata rekodi mbaya na majirani wenye kinyongo. Mwenye adabu hupiga hodi kwanza, hutaja saa atakayoanza na saa atakayokoma, na hukoma saa aliyoitaja. Masharti hayo yana faida ya kisanaa pia. Aliyepewa saa moja tu hufanya mazoezi nje ya saa hiyo, akija ameshajua atakachopiga.

Uzi na sikio

Yafuatayo si siri ya mafundi, lakini aghalabu husimuliwa kama orodha ya amri pasipo sababu zake, na amri isiyo na sababu husahauliwa.

Mwenye maikrofoni moja hana haja ya hesabu. Avae sikio la msikilizaji, atembee kuizunguka seti wakati mwenzake anapiga, akiwa ameziba sikio moja kwa kidole, hata apate mahali ambapo ngoma ya mguu, sneya na matoazi vinakaa pamoja bila kimoja kuwatukana wenzake. Mara nyingi mahali hapo ni mbele ya seti, kiasi cha mita moja, kwenye kimo cha kifua. Hapo ndipo maikrofoni iwekwe. Toazi likizidi, ishushwe kidogo. Ngoma ya mguu ikififia, isogezwe mbele.

Mwenye mbili anaingia katika jambo jipya, yaani tofauti ya umbali. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikiwa sneya iko karibu na maikrofoni moja kuliko nyingine kwa sentimita 34, pigo lilelile litafika mara mbili, na zikichanganywa, mitetemo ya karibu 500 kwa sekunde itafutana yenyewe kwa yenyewe. Tofauti ikiwa sentimita 17, itakayofutika ni ile ya karibu 1,000. Sneya hubaki na ganda bila nyama. Watu huisikia rekodi hiyo, huilaumu maikrofoni kwa unyonge wake, na kwenda kutafuta ya tatu, ambayo huongeza balaa. Kumbe dawa yake ni kipande cha uzi. Ncha moja hushikwa katikati ya sneya, nyingine hupelekwa kwenye kila maikrofoni, na umbali ukilingana, nyama hurudi.

Mpango unaofahamika zaidi wa maikrofoni tatu umepewa jina la Mwingereza Glyn Johns, aliyeugundua kwa bahati mwaka 1968. Maikrofoni ya kwanza hukaa juu ya seti, mita moja na kidogo kutoka sneya. Ya pili hukaa upande wa ngoma kubwa isimamayo sakafuni, juu kidogo ya ukingo wake, ikitazama sneya na haihati kwa mshazari, kwa umbali uleule wa uzi. Ya tatu hupewa ngoma ya mguu. Kwa msomaji wa ushairi, haya si mageni: ni urari wa mizani. Vipande viwili vya mshororo vikizidiana, sikio husikia kilema hata kama mwenye sikio hajui kuhesabu silabi.

Lakini hata uzi una mpaka wake, na mpaka huo ni mpigaji. Rekodi ya maikrofoni nane humruhusu fundi kuinua ngoma iliyopigwa kwa unyonge na kushusha toazi lililopigwa kwa hasira. Ya maikrofoni mbili haina huruma hiyo. Makwaya mengi humzoeza mpigaji kushindana na vipaza sauti vya ukumbini, naye hupiga toazi kwa nguvu zote kwa sababu ukumbi ni mkubwa. Akiletwa chumbani na desturi hiyo, hapana mpango utakaomwokoa. Itambidi ajifunze upya: matoazi kwa kifundo cha mkono, sneya kwa mkono kamili, mguu kwa uthabiti. Atajifunza alichojua mpigaji wa bendi ya dansi mbele ya maikrofoni ya redio, kwamba uwiano ni sehemu ya upigaji.

Na kuna ole ya simu ya mkononi. Simu nyingi zina utaratibu wa kujirekebisha zenyewe: sauti kubwa huibana, na kimya hukiinua. Kwa mazungumzo hilo ni msaada. Kwa dramu ni uharibifu, kwani pigo hubanwa na nafasi iliyo baina ya mapigo huvimba, hata chumba kikasikika kikipumua kama mgonjwa wa pumu. Mwenye simu tu na azime programu inayoruhusu kuuzima utaratibu huo, na aweke kiwango cha sauti chini, pigo kubwa likome desibeli kama kumi chini ya kikomo. Sauti ndogo iliyo safi yaweza kuinuliwa, iliyopasuka haishoneki.

Hoja ya upande wa pili

Mtu makini aweza kupinga yote haya. Aweza kusema kwamba kuusifia uchache ni starehe ya wenye vingi: Led Zeppelin walikuwa na uwezo wa kuchagua maikrofoni mbili, na mtu wa Gungu hana uchaguzi. Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake si kuikana. Umaskini si mbinu ya kisanaa, na ngoma ya mguu iliyopotea katika nyimbo za redio haikupotea kwa sababu mtu aliamua ipotee. Maikrofoni ya tatu ni bora kuliko mbili iwapo mwenye nayo anajua anaiongeza ili isikie nini. Linalokataliwa hapa ni kuufanya uchache kuwa sababu ya kunyamaza.

Aweza kusema tena kwamba mapigo ya programu yametosha. FruityLoops, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 na kuitwa FL Studio tangu mwaka 2003, iliwapa vijana wa Tanzania uwezo ambao hapo awali ulifungiwa katika studio chache, na bongofleva isingekuwa ilivyo bila programu za namna hiyo. Kigoma imetoa au kudai sehemu kubwa ya nyota wa muziki huo. Wimbo wa Leka Dutigite wa mwaka 2012 uliwakusanya wengi wao kwa jina la mkoa. Hapana la kubeza. Programu ni ala, na wako wanaoipiga kwa ufundi mkubwa. Lakini sneya iliyomo ndani yake ilipigwa na mtu asiyejulikana, katika chumba kisichojulikana. Wimbo ukiisifu Kigoma juu ya pigo hilo, maneno yake ni ya Kigoma na mwili wake ni wa mgeni. Fani na maudhui vimekaa nyumba mbili.

Jina la mpigaji

Liko jambo la mwisho, nalo pengine ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya ufalme wa Burundi kuondolewa, Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa nchi hiyo kwa ajili ya santuri za Ocora. Ngoma zilizomo katika rekodi hiyo zilisafiri kuliko wapigaji wake. Mwaka 1971 zilitiwa gitaa na piano na kuuzwa Ulaya kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alizitumia katika albamu yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi za Uingereza zilijipatia umaarufu kwa kuliiga pigo lake. Kote huko wapigaji walitambulishwa kwa jina la nchi yao, si kwa majina yao.

Rekodi hiyo ilikuwa njema kwa sauti. Ilipungukiwa na jina, na upungufu huo ulifanya iwe rahisi kwa kila aliyekuja baadaye kuiona kama mali isiyo na mwenyewe. Hapa ndipo mrekodi wa nyumbani anapowazidi wote waliotajwa. Anamjua mpigaji wake. Anajua alifundishwa na nani, anapiga kwaya gani, kwa nini anavuta mkono kidogo kabla ya pigo la nne. Gharama ya kuandika jina hilo, pamoja na tarehe, chumba, idadi ya maikrofoni na mahali zilipokaa, ni karatasi moja. Na kabla ya karatasi hiyo yapo makubaliano: nani mwenye rekodi, na itagawanywaje ikiuzwa. Kazi hiyo haiongezi ubora wa sneya hata kidogo, lakini bila hiyo rekodi ni yatima.

Mhakiki akiletewa rekodi ya dramu iliyofanywa Gungu katika chumba cha bati, asianze kwa kuuliza zilikuwa maikrofoni ngapi. Aulize msikilizaji amewekwa wapi, na kama hapo ndipo mpigaji alipomtaka awe. Aulize ngoma ya mguu iko wapi, na kama haimo, imepotea kwa uamuzi au kwa uzembe. Aulize jina la mpigaji. Rekodi ikiyajibu hayo matatu imestahili kuwekwa pamoja na nyingine, hata kama nyuma yake, kwa mbali, jogoo amewika au mtoto wa jirani amecheka.

Gungu la pwani liliacha maneno, na ngoma yake ikaenda na waliokuwa nayo. Gungu ya ziwani ina wapigaji walio hai, vyumba vya kupigia na uzi wa kupimia. Kilichobaki ni kuomba ruhusa ya jirani na kuanza kabla ya mvua.